Sauti Isiyovuta Pumzi

Tarehe 4 Machi

Mpendwa Chiriku,

Nimeona simu zako. Sikupokea kwa sababu nilikuwa kabatini. Usicheke. Unajua tangu nistaafu utangazaji studio yangu ni kabati la nguo: nimetoa magauni, nimetundika mablanketi, nimeingiza kigoda na maikrofoni, na humo ndimo ninamowasomea ninyi wanafunzi msioona vitabu vyenu. Ukipokea simu kabatini umeharibu ukurasa mzima.

Kusoma si kazi. Kazi ni kutuma. Yaani nikifa leo, waambie watu kwamba shangazi yako aliuawa na mafaili. Ile ofisi ya vitabu vya sauti imekataa katakata mafaili yaliyobanwa. Zamani nilikuwa naibana sura moja, inakuwa nyepesi, naituma, chai yangu haijapoa imeshafika. Sasa wanataka sauti ghafi, kama ilivyotoka mdomoni, na sauti ghafi ni nzito kama gunia la mchanga. Nikiipakia kwenye ukurasa wao, ule mstari wa kijani unatambaa, unatambaa, unakaribia mwisho, halafu jirani yangu mchomeleaji anawasha mashine yake, umeme unapepesa, na mstari unarudi mwanzo. Nikaenda dukani kwa mpiga chapa kuomba mtandao wake. Akanipa kiti, mtandao ukafa. Akasema, "Mama, kwani umebeba nini humo?" Nikamwambia nimebeba uti wa mgongo wa binadamu, kuanzia shingoni. Hakuniuliza tena.

Nimewauliza ofisini: kwa nini lazima iwe ghafi? Wakanijibu kwamba wanafunzi wasioona wanastahili sauti bora kabisa. Ningejibu nini hapo? Nikabeba gunia langu.

Tena wananitaka mambo ya ajabu. Mbali na kitabu, wananiletea kurasa za sentensi zisizo na kichwa wala miguu. "Samahani, sijakuelewa." "Je, ungependa kuendelea?" Niseme kwa furaha, niseme kwa huzuni, niseme kama namnong'oneza mtu. Nicheke kidogo. Wanasema ni kupima mitambo. Mitambo gani hiyo inayopimwa kwa kicheko? Lakini nimecheka, kwa ajili yenu.

Sura ya mishipa ya fahamu utaipata kabla ya mtihani. Mwambie na Pacha, huyo mwenzako wa chumbani, asiwe na wasiwasi. Uliniambia yeye bado anaona mwanga na vivuli, ila herufi hazioni. Basi naye ni wangu, namsomea. Baba yako, huyo kaka yangu ambaye barua yake haizidi mstari mmoja, msalimie.

Shangazi yako

*

Tarehe 29 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nitaandika kwa kifupi. Nikikupigia nitalia, na sitaki unisikie nikilia.

Umeanza lini kuuza dawa ya macho?

Tangazo limeenea chuo kizima, kila simu inalo. "Wanangu, ni mimi, Shangazi wa Vitabu. Nimewasomea muda wote huu. Leo nawaletea habari ya mwanga." Halafu unataja matone, na namba ya kuagizia, na unacheka kidogo mwishoni, kile kicheko chako ninachokijua tangu utotoni.

Unajua hapa wanafunzi hawakuiti kwa jina. Wewe ni Shangazi wa Vitabu kwa kila mtu. Hakuna aliyefaulu darasa la tiba ya viungo bila wewe. Ukisema mfupa huu uko hapa, tunaugusa hapo na tunaukuta. Kwa hiyo Pacha aliposikia aliagiza. Nikamwambia ngoja nimwulize Shangazi kwanza. Akanijibu, "Umwulize nini? Si amesema mwenyewe?"

Alikuwa anatia matone kabla ya kulala. Yalikuwa yanamchoma, akawa anasema ndiyo dawa inavyofanya kazi. Jumapili asubuhi aliamka akipiga kelele. Tulipomfikisha hospitali, daktari wa macho alinusa ile chupa, akauliza nani amemshauri. Pacha akasema, "Shangazi yake huyu." Nilisikia kiti cha daktari kikigeuka upande wangu.

Jicho la kulia halioni tena dirisha. La kushoto bado hawajui.

Na ile sura ya mishipa ya fahamu haijafika. Naelewa. Ulikuwa na shughuli nyingine.

Binti wa kaka yako

*

Tarehe 31 Machi

Chiriku,

Au nikuite Binti wa Kaka Yangu, maana jina nililokupa umelivua.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaisoma tena nimeshika ukuta.

Mimi? Mimi niuze dawa ya macho? Mimi niliyekupeleka hospitali mgongoni siku ya homa ile iliyokuchukulia macho, nikabishana na manesi mpaka walinzi wakaitwa? Leo nimchukue mtoto wa mwenzangu nimwambie atie uchafu machoni? Hivi ulipokuwa unaandika, mkono wako haukusita hata kidogo?

Sijauza dawa. Sijasoma tangazo. Nilipokuwa redioni waliniletea sabuni, wakaniletea mafuta ya nywele, nikakataa yote, mkuu wa kituo akaniita mwenye kiburi, na kiburi hicho nimestaafu nacho. Huyo ni mwigizaji. Yuko mwanamke mahali fulani, hana haya hata chembe, amejifunza kuniiga mpaka kicheko, na siku nitakayompata atajua mimi ni nani.

Sura ya mishipa ya fahamu niliituma zamani. Nina ujumbe wa ofisi kwamba imefika salama. Kama hamjapewa, waulizeni wao. Nimewaandikia pia kuhusu hilo tangazo, nao wamekaa kimya.

Lakini kinachoniuma zaidi si tangazo. Ni wewe. Mtu alipokuletea maneno kwa sauti yangu, ulipaswa kusema, "Shangazi, ni wewe?" Wewe umeniuliza nimeanza lini.

Mpe Pacha pole. Sijui nampa pole kama nani. Mpe tu.

Mimi, Shangazi yako mpaka utakaponifuta

*

Tarehe 3 Aprili

Shangazi,

Unajua barua yako nimeisikiaje? Kompyuta za maktaba yetu zimewekewa sauti mpya ya kusomea maandishi. Imeletwa na ile ile ofisi ya vitabu vya sauti, bure, na watu walishangilia kwa sababu sauti ya zamani ilikuwa inaongea kama mtu mwenye mafua. Mimi nilikuwa sijaingia maktaba tangu Pacha alazwe. Jana ndiyo nimeingia. Nikafungua barua yako, nikavaa vifaa vya masikioni, na wewe mwenyewe ukaniambia, "Sijauza dawa. Sijasoma tangazo."

Nikadhani umerekodi. Nikafungua barua ya baba: "Salamu. Mvua imenyesha. Baba." Kwa sauti yako. Nikafungua tangazo la jikoni kuhusu saa mpya za chakula. Kwa sauti yako, tena kwa furaha. Nikavivua vile vifaa nikavitupa mezani, mtunza maktaba akanikemea. Shangazi, ulikana kwamba umesema, na kukana kwenyewe nikakusikia kwa sauti ile ile iliyosema!

Nikarudi kwenye tangazo la dawa. Nililisikiliza mpaka simu ikazima. Kila neno ni wewe. Unavyovuta "wanangu", unavyopanda kidogo kabla ya nukta. Lakini kulikuwa na kitu kinanikera, kama kwenda ngazini ukakuta ngazi moja imepungua. Leo asubuhi nimekijua. Havuti pumzi.

Wewe una kifua, Shangazi. Kabla ya sentensi ndefu unavuta pumzi, na ndani yake kuna kamluzi kadogo. Nilipokuwa mdogo ndivyo nilivyokuwa najua kama umelala au uko macho. Kamo katika kila kitabu ulichotusomea. Kwenye tangazo hakamo, mwanzo hadi mwisho. Huyo hana kifua kabisa.

Hakuna mwanamke wa kumtafuta. Ni mashine, imefundishwa kwa sauti yako. Yale magunia yako ya mchanga, zile sentensi zisizo na kichwa, kile kicheko. Ulikuwa unawatumia nini, Shangazi? Ulikuwa unajituma wewe mwenyewe, kipande kwa kipande.

Nilipaswa kukuuliza kama mtu anavyomwuliza mtu wake. Nisamehe.

Jicho la kushoto la Pacha litabaki na mwanga wake. La kulia, daktari ametikisa kichwa, mama yake Pacha ndiye aliyeona, akatuambia. Nimemweleza Pacha habari ya mashine. Haniamini. Anasema kila mtu humtetea wa kwao.

Chiriku wako

*

Tarehe 9 Aprili

Kwa Msomaji Wetu Mpendwa,

Yah: Malalamiko Kuhusu Tangazo la Dawa

Ofisi imepokea barua yako na inakushukuru kwa moyo wako wa kujitolea.

Tunapenda kukufahamisha kwamba ulipobonyeza kitufe cha "Nakubali" katika ukurasa wetu wa kupakia mafaili, uliipa ofisi ruhusa ya kuyatumia katika kuboresha na kuendeleza huduma. Kutokana na ubora wa mafaili yako, wataalamu wetu wamefanikiwa kuunda sauti ya kidijitali ambayo ni fahari yetu sote, na ambayo sasa inapatikana kwa wadau mbalimbali. Ofisi haihusiki na maneno ambayo mdau ataamua kuitamkisha sauti hiyo.

Aidha, tunafurahi kukujulisha kwamba hutahitaji kusoma sura zilizosalia. Mfumo utazikamilisha, ikiwemo sura ya mishipa ya fahamu, ambayo tuliizuia ili itolewe kwa sauti mpya. Hivyo hutasumbuka tena na kupakia mafaili makubwa.

Tumeambatanisha cheti cha shukrani.

Wako katika kujenga jamii isiyomwacha mtu nyuma,
Mkurugenzi

*

Tarehe 12 Aprili

Chiriku wangu,

Umeomba radhi, nimekusamehe, tumemaliza. Sasa sikiliza.

Nimekwenda. Sikutoa taarifa. Mlango wa ofisi yao ni wa kioo, una kengele pembeni. Nikabonyeza, na mlango ukaniambia, kwa sauti yangu, "Karibu sana. Tafadhali subiri." Mimi nimekaribishwa na mimi! Nikaujibu ule mlango neno ambalo sitaliandika.

Mkurugenzi ni kijana, viatu vya kung'aa bila soksi, mkono laini. Akanipokea kwa vifijo. "Mama! Tunakusikia kila siku hapa!"

"Ndiyo maana nimekuja," nikamwambia. "Nataka mnyamaze."

Akanikalisha, akaniletea maji, akanieleza kwa upole wote kwamba hawajaniibia kitu. "Sauti yako si bado unayo, Mama? Si unaongea nayo hapa?"

Nikamwuliza, "Na yule msichana, jicho lake bado analo?"

Akasema hilo ni la mwenye dawa. Nikamwuliza nani aliyempa mwenye dawa mdomo wangu. Akasema mwenye dawa alijaza maombi kama mdau mwingine yeyote, alijiandikisha kama mtoa huduma za afya, wao hawakuwa na sababu ya kumshuku.

"Uliniuliza mimi?"

"Ulibonyeza Nakubali, Mama."

"Nilibonyeza ili sura ya mgongo ipite! Bila kubonyeza haipiti! Wewe mlangoni kwako ukiniwekea kizuizi, nikakisukuma nipite, ndiyo nimekupa nyumba yangu?"

Nikamwambia basi nirudishie mafaili yangu. Akacheka, si kwa ubaya, kama anavyochekwa mtoto anayetaka kurudishiwa maji aliyoyamwaga. "Mama, faili si sufuria, kwamba umeazima utarudisha." Nikamwambia yafute. Akasema nakala ni nyingi, na sauti iliyokwisha kufundika haifundukiki, yaani mashine ikishajifunza haisahau. Hayo ndiyo maneno yake. Haifundukiki.

Chiriku, nimesema maisha yangu yote. Nimetangaza vifo vya wakubwa, nimetangaza mafuriko, sijawahi kukosa neno hewani. Pale nilikosa. Nilitoka, na nilipopita, ule mlango ukaniambia, "Asante kwa kututembelea."

Nimerudi nyumbani, nimeingia kabatini, nimerekodi onyo. Ni fupi, nimelibana, liko pamoja na barua hii. Wasikilizishe wote. Ndani nimevuta pumzi makusudi, kwa nguvu, kama ng'ombe, ili wanijue.

Shangazi yako

*

Tarehe 19 Aprili

Shangazi,

Nimewasikilizisha wote onyo lako ukumbini wakati wa chakula, sahani zikanyamaza kabisa. Ukamaliza. Kisha mtu mmoja meza ya nyuma akasema, "Na huyu naye tutajuaje ni yeye?"

Nikasema msikilizeni pumzi. Wakasikiliza tena. Mmoja akasema pumzi inawekwa tu, hata yeye anaweza kuiweka kwa simu. Mwingine akasema huyu wa onyo ndiye bandia, ametumwa na wapinzani wa ile dawa. Nikapaza sauti, nikawaita majina ambayo itabidi nikawaombe radhi.

Halafu jioni likaja tangazo jipya. Kaa chini ndipo usome. "Wanangu, ni mimi, Shangazi wa Vitabu. Kuna watu waovu wanaoiga sauti yangu na kuwatisha. Msiwasikilize. Endeleeni na matone yenu." Na kicheko kile.

Sijui nikuelezeje hasira niliyonayo. Nimegonga ukuta wa chumba mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Wako wengine humu wanatia matone, Shangazi. Nawajua wawili. Mmoja anaona rangi, ana kitambaa chekundu anachokipenda sana, na macho yake yameanza kutoa machozi. Nimemsihi, ananiambia, "Shangazi wako mwenyewe amesema tuendelee." Nimemnyang'anya chupa, amenisukuma, ameichukua.

Mkuu wa chuo anasema anasubiri maelekezo.

Sauti yako haitoshi tena, Shangazi. Waliichukua yote. Njoo na mwili wako.

Chiriku

*

Tarehe 2 Mei

Kwa Mkurugenzi,

Sitakuandikia Mpendwa, na wewe usiniite Mama tena.

Jumatano nilisimama ukumbini mbele ya wanafunzi wa tiba ya viungo. Nilipofungua mdomo, wakaguna. Nikasema mimi ndimi ninayewasomea, na sauti ya kijana mmoja ikajibu, "Hata ile ilisema hivyo." Nikajaribu tena, wakaanza kusogeza viti waondoke. Hapo ndipo nilipoelewa ulichonifanyia. Uliniambia sauti yangu bado ninayo. Ninayo, ndiyo, kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba iliyobadilishwa kitasa.

Basi nikanyamaza. Nikashuka, nikapita meza kwa meza, nikatoa mkono. Wengine waliushika, wengine waliurudisha. Nikafika kwa binti mmoja mwenye kitambaa chekundu shingoni. Aliushika mkono wangu, akapanda nao mpaka begani, akanigeuza kama mgonjwa, akaweka kiganja mgongoni mwangu. "Pumua," akasema. Nikapumua. "Sema kitu." Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya jicho la mwenzake. Kiganja chake hakikuondoka. Akawaambia wenzake, "Inatokea humu ndani. Naisikia mbavuni."

Wakaja wengine. Walipanga mstari, Mkurugenzi. Walinigusa koo, walinigusa mbavu, mmoja aliniomba nikohoe. Nimesimama mbele ya watu tangu ujana wangu, sijawahi kutakiwa kuthibitisha kwamba mimi ni mtu. Nililia, nao wakayagusa machozi.

Kisha chupa zikaanza kutoka mifukoni. Hazikuwa mbili kama tulivyodhani. Zilijaa beseni. Daktari wa macho amezichukua, ameipelekea mamlaka ya dawa maelezo yake kwa mkono wake, na chuo nacho kimeandika ya kwake, baada ya mimi kukaa mlangoni kwa mkuu wa chuo mpaka akachoka kunitazama. Wanafunzi wameiondoa sauti yako kwenye kompyuta zao, wamerudisha ile yenye mafua. Sura ya mishipa ya fahamu nimewasomea pale pale, ana kwa ana, mpaka nikapotewa na sauti kabisa.

Mmoja hakuja ukumbini, yule wa jicho. Nilimfuata chumbani kwake. Niligonga, nikasema, "Mwanangu, ni mimi." Alikuwa akija kufungua, nilisikia nyayo zake. Aliposikia sauti yangu akafunga kwa ufunguo.

Hilo nimekuandikia ili nawe ulale nalo.

Iondoe ile sauti kila mahali ilipo, na utangaze kwa jina lako kwamba haikuwa mimi. Cheti chako nakirudisha. Nimekikunja, bahasha ilikuwa ndogo.

Msomaji

*

Tarehe 16 Mei

Kwa Msomaji,

Kufuatia agizo la mamlaka husika, ofisi imeiondoa sauti tajwa katika huduma zake zote, na tangazo la kukanusha limetolewa kwa jina langu. Mwenye dawa amefunga duka na hajulikani alipo. Kuhusu nakala ambazo wadau walikwisha kuzipakua, ofisi haina uwezo nazo.

Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.

Mkurugenzi

*

Tarehe 23 Mei

Shangazi wa Chiriku, shikamoo.

Naandika mwenyewe, kwa hiyo makosa ni yangu.

Chiriku hachoki kuniambia kwamba hukuwa wewe. Najua. Nilijua siku ile ulipogonga, maana mashine haigongi mlango. Lakini niliposikia "Mwanangu", mkono ulifunga kabla sijaamua. Jicho lilianza kuwaka upya, lile ambalo haliwezi hata kuuma tena, daktari anasema mshipa wake umekufa. Liliwaka.

Chiriku anasema utakuja tena, unisomee niliyokosa. Usinisomee. Naomba unisamehe kusema hivyo kwa mtu mzima.

Nilipoingia chuoni sikuwa na hata rafiki mmoja humu. Nilikuwa nalala na sauti yako masikioni, sura ya mifupa ya mkono, na haikuwa kwa ajili ya mifupa. Ndiyo maana nilitia ile dawa. Watu hapa wananong'ona kwamba nilikuwa mjinga. Sikuwa mjinga. Nilikuwa namwamini mtu wangu.

Nina hasira na sijui niipeleke wapi. Mwenye dawa kahama. Mkurugenzi ni jina la cheo tu. Wewe peke yako ndiye ninayeweza kukufikia, na wewe huna kosa. Hilo nalo linanitia hasira.

Jicho la kushoto linaona dirisha. Asubuhi nakaa hapo. Kama utakuja, njoo ukae. Usiseme kitu.

Pacha

*

Tarehe 25 Mei

Mwanangu,

Barua hii nimemwomba Chiriku aisikilize yeye kwanza, kisha akwambie kwa mdomo wake, usiisikie kwa mashine yoyote.

Hasira yako usiitafutie pa kuipeleka. Nami ninayo. Juzi nimepita sokoni nikajisikia nauza magodoro kwenye spika ya duka, kwa uchangamfu, "Njooni, wanangu." Nilimfokea muuzaji mpaka watu wakajaa, naye masikini hakujua anafokewa nini. Ameizima. Kesho itawashwa kwingine, na huko nako nitakwenda kufoka. Nimepata wakili, mama mmoja mkali kuliko mimi. Tutawasumbua watu hao mpaka wajute siku waliyonifungulia ule mlango wao.

Lakini hayo si yako. Wewe umenialika, na nimepokea mwaliko.

Nitakuja Jumamosi asubuhi. Chiriku ndiye atakayenifungulia. Sijui kama nitaweza unachoniomba, maana katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuniona kimya, muulize baba yake Chiriku. Nikizidiwa nitatoka nje niseme na ukuta, kisha nirudi. Ukitaka niondoke kabisa, nisukume mkono, nitaelewa.

Ukisikia kiti kimevutwa kando yako na hakuna anayesema, ni mimi.

Shangazi